Ukuta wa Angani au Kufuli la Hangani: Njia Ipi Inaufaa Uwanja wa Wilson?

Jirani yangu hapa South C, Nairobi, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi, ana swali ambalo hachoki kuniuliza. Ndege ndogo ikipita juu ya paa zetu ikienda kutua Wilson, huacha anachofanya, akaifuata kwa macho mpaka ipotelee nyuma ya maghorofa, kisha hunigeukia mimi kwa kuwa anajua nina leseni ya urubani. "Mwanangu, nani anajua aliyemo ndani ya kidude kile?" Hasemi kwa mzaha. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, alikuwa River Road akinunua vitambaa. Tangu siku hiyo hakiamini chombo chochote asichojua kimebeba nini.

Swali lake ni la haki, na mimi nina langu lililo la haki vilevile. Nimesoma, nimefanya mtihani, napimwa afya kwa utaratibu uliowekwa, na ndege ninayorusha imesajiliwa na kukaguliwa. Nani basi anaweza kuniambia "leo huruki", na ananiwia sababu gani?

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yetu sote wawili. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kabla sheria na kanuni hazijapitishwa, na kanuni za anga haziko nje ya sharti hilo. Siku rasimu ya kanuni za ndege ndogo ikiletwa kwa maoni, mkazi wa South C, Lang'ata au Nairobi West atatakiwa aseme anataka nini. Ni vigumu kusema kama hujui wenzetu wamekwisha kujaribu nini na walivuna nini. Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuuzungushia mji anga iliyopigwa marufuku; hiyo nitaiita ukuta. Ya pili ni kuhakikisha, kabla propela haijazunguka, kwamba ndege ilikuwa imefungwa na anayeifungua anajulikana. Hiyo nitaiita kufuli. Zipo na nyingine ndogondogo, nitazigusa zikifika zamu yake.

Kidude chenyewe kina uzito gani

Tuanze na ndege, maana hofu nyingi hutokana na kutojua ukubwa wa kinachoogopwa. Cessna 172, ile ya mabawa ya juu inayotumiwa na shule za urubani hapa Wilson, hubeba watu wanne. Ikiwa imejaa watu na mafuta haizidi tani moja na robo, na mafuta yake ni kama lita 200. Probox iliyojaza mizigo ya sokoni haiko mbali na uzito huo. Kilichoua watu 213 Nairobi mwaka 1998 kilikuja kwa lori, kikapita barabarani kama magari mengine.

Marekani, baada ya Septemba 2001, walipata mifano miwili ya ndege za namna hiyo kugongeshwa majengo kwa makusudi. Tarehe 5 Januari 2002 huko Tampa, mwanafunzi wa miaka 15 aliiingiza Cessna 172 katika jengo la benki. Alikufa yeye peke yake. Tarehe 18 Februari 2010 huko Austin, mtu aliyekuwa na kinyongo na mamlaka ya kodi aliirusha ndege yake mwenyewe, Piper ya injini moja, mpaka ikagonga jengo la ofisi za kodi. Alikufa yeye na mtu mmoja aliyekuwa kazini, na jengo likaungua vibaya. Roho moja ya mfanyakazi asiye na hatia si jambo dogo, nami silileti hapa ili nipunguze uzito wake. Nalileta ili tupime kanuni kwa kipimo kinachofanana na hatari.

Lakini tusidanganyane: Wilson si Cessna 172 tupu. Pale hukaa Caravan zinazobeba watalii kwenda Mara, Dash 8 za abiria wengi, na jeti za biashara. Wataalamu wa kanuni hupenda kukata mstari kwenye kilo 5,700 hivi. Mwaka 2008 Marekani walitoa pendekezo la kuzitwisha ndege binafsi zinazozidi uzito huo masharti yanayokaribia yale ya mashirika ya abiria. Wamiliki na marubani wakaandika pingamizi kwa maelfu, na pendekezo halikutekelezwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza rasimu yoyote ikija ni hili: inazungumzia ndege ya uzito gani? Kanuni inayoiweka Cessna 172 na jeti ya watu kumi kapu moja imeandikwa na mtu asiyezijua.

Ukuta

Ukuta mashuhuri kuliko zote uko Washington. Ulianza kama hatua ya dharura Februari 2003 na ukafanywa wa kudumu mwaka 2009. Chukua kituo cha uwanja wa Reagan, zungusha duara la maili 30 za baharini, yaani kilomita 55 hivi. Humo ndani rubani wa ndege ndogo lazima awe amewasilisha mpango wa safari, awe na namba maalumu ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na awe anazungumza na waongoza ndege muda wote. Ndani yake kuna duara jingine la kama maili 15, ambamo ndege ndogo za kawaida haziingii kabisa, isipokuwa marubani wachache waliochunguzwa na kupewa namba ya siri ili watumie viwanja vidogo vilivyojikuta ndani ya mduara. Kimoja wapo ni College Park, kilichofunguliwa mwaka 1909 na ambacho hakijawahi kuacha kazi, kiwanja kikongwe kuliko vyote duniani vinavyotumika hadi leo. Mduara ulipowekwa, wageni wakakikimbia.

Faida ya ukuta ipo na niitaje kwa moyo mweupe. Anayekuja kutoka mbali huonekana mapema. Asipojibu redio, kuna dakika za kumtuma mtu akamtazame. Na watu wengi waliopotea njia hugunduliwa kabla hawajafanya madhara, kama ile Cessna 150 ya tarehe 11 Mei 2005, iliyokuwa na rubani na mwanafunzi wake, ikakaribia Ikulu ya Marekani kwa maili chache hivi na kuwafanya maelfu ya watu wakimbizwe nje ya Bunge. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamepotea.

Sasa uchukue ukuta huo uuweke Nairobi. Duara la kilomita 55 kutoka Wilson linameza Thika, Limuru, Ngong na Kitengela, na ukingo wake unagusa Machakos. Duara la ndani linameza Wilson yenyewe na JKIA pia. Lakini hilo la eneo bado si kubwa. Kubwa ni saa. Kutoka Wilson hadi Bunge, kwa mstari wa ndege, hazifiki kilomita nne. Hadi Ikulu ni kama tano. Ndege ndogo inayokwenda kwa mwendo wa wastani hukata kilomita tatu kwa dakika moja. Aliyeruka Wilson akiwa na nia mbaya amekwisha kuwa ndani ya ukuta tangu gurudumu lake liko bado kwenye lami, na kabla mtu wa rada hajaweka kikombe chake cha chai mezani, jambo limekwisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka tuige Washington. Ukuta hufanya kazi pale hatari inapotoka nje ya mji. Sisi uwanja wetu mkuu wa ndege ndogo uko ndani ya mji. Ulianza siku za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, pembeni mwa mji mdogo, ukiitwa Nairobi West. Mji ukaufuata, ukauzunguka, na leo kati ya njia za kurukia na sebule za watu kuna uzio na barabara. Kulinda Bunge dhidi ya Wilson kwa kutumia ukuta wa angani ni sawa na kuweka kitasa kwenye lango la nje hali mgeni unayemwogopa amelala chumba cha ndani.

Na hata huko ulikobuniwa, ukuta huvuja. Tarehe 15 Aprili 2015 mtu mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa posta Florida aliruka kutoka Gettysburg kwa jairokopta, chombo kidogo kama baiskeli yenye panga juu, akavuka miduara yote miwili, akatua kwenye nyasi za Bunge la Marekani. Alibeba barua 535, moja kwa kila mbunge, kulalamikia fedha katika siasa. Rada ilikuwa imemwona, ila ilishindwa kumtofautisha na ndege wa manyoya au wingu. Aliyekuja na barua alipita. Ni wajibu wetu kujiuliza angekuja na kingine ingekuwaje.

Gharama ya ukuta kwetu ingeangukia nani? Shangazi hujibu haraka: "Matajiri, na watavumilia." Si kweli, na ningependa tulitazame hili polepole. Madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, huruka kutoka hapa wakienda kuchukua wagonjwa mahali ambapo gari lingechukua siku nzima. Miraa ya Meru hupandia hapa kwenda Mogadishu, na miraa haingoji kibali, inanyauka. Watalii wa Mara na Amboseli wanapandia hapa. Vijana watakaokuja kurusha ndege kubwa za abiria wanajifunzia hapa, saa moja baada ya nyingine, wakihesabu kila shilingi ya mafuta. Ukuta wa kudumu unamgusa kila mmoja wao kila siku, ili kumzuia mtu mmoja ambaye, kama nilivyoonyesha, haumzuii.

Kufuli na jina

Australia walipita njia nyingine. Tangu mwaka 2005 ndege yenye injini haiachwi bure kiwanjani: mwenyewe lazima aifunge kwa njia inayozuia isiwashwe, iwe kufuli la propela, kufuli la mtambo wa kuongeza kasi, au hanga, yaani banda la ndege, lililofungwa. Tena rubani huchunguzwa na kupewa kitambulisho cha usalama chenye muda wa mwisho. Anga yenyewe kwa sehemu kubwa imebaki wazi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya kazi pale pale hatari inapoanzia. Rudi Tampa. Yule kijana wa miaka 15 alikuwa ameachwa peke yake akague ndege kabla ya somo. Akawasha, akaondoka. Angekuwa hana ufunguo mkononi, au mkufunzi angekuwa na desturi ya kuushika yeye mpaka dakika ya kupanda, hadithi ingeishia chini. Hakuna duara lolote la angani ambalo lingemsaidia. Kufuli la bei ya chakula cha mchana lingemsaidia.

Chukua na mfano unaotuhusu sisi moja kwa moja. Novemba 2024 mahakama ya New York ilimtia hatiani Mkenya mmoja, mfuasi wa al-Shabaab, aliyekuwa amejifunza urubani Ufilipino kwa nia ya kuiteka ndege ya abiria na kuigongesha jengo Marekani. Alikamatwa huko Ufilipino Julai 2019 akiwa bado hajateka chochote. Kilichomnasa ni kazi ya watu waliofuatilia nyendo zake ardhini. Kama yapo mafunzo kutoka kesi hiyo kwa shule zetu za hapa Wilson, ni kwamba anayelipa ada, anayetoa pasipoti, na anayeuliza maswali ya ajabu darasani, ndipo mahali pa kutazama.

Lakini kufuli nalo lina mashimo mawili, na la kwanza ni lile la Austin. Yule mtu alikuwa na leseni halali, ndege yake mwenyewe na ufunguo wake mwenyewe. Kufuli halimzuii mwenye nyumba. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna njia kati ya hizi ambayo ingemzuia, kama vile hakuna kanuni ya barabara inayomzuia dereva mwenye leseni kuliingiza gari lake mahali anapotaka.

Shimo la pili linaniuma zaidi kwa sababu ni letu. Neno "uchunguzi" hapa Kenya lina historia. Kwa miaka mingi Wakenya wa jamii za Kisomali na Kinubi walipotaka kitambulisho walipitishwa mbele ya kamati zilizowahoji babu zao ni akina nani, wakati kijana wa sehemu nyingine alijaza fomu akaenda zake. Utaratibu huo uliondolewa kwa tamko la Rais kule Kaskazini Mashariki Februari 2025. South C inajua habari hizo bila kusimuliwa. Sasa, ukisema "kila mwanafunzi wa urubani achunguzwe", mimi nakubali, lakini nakuuliza: na kijana wa Wajir atachunguzwa wiki moja kama mwenzake wa Nyeri, au miaka miwili? Cheti cha tabia njema kila mtu anakijua na kila mtu hukipata kwa njia moja. Hicho kinatosha kuwa msingi. Kikihitajika zaidi ya hapo, iandikwe ni nini, kwa siku ngapi, na ukinyimwa unakata rufaa wapi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapomgusa vibaya. Hapo ndipo pa kuutundika mlango wa uchunguzi.

Njia mbili nilizosema nitazigusa

Moja ni kituo cha ukaguzi njiani. Tunaijua: ndege za abiria kutoka Mogadishu kuja Nairobi zilikuwa zikilazimishwa kutua Wajir kwanza, watu washuke na mizigo, wapekuliwe, wapande tena. Sharti hilo limewahi kuondolewa na kurudishwa. Kwa usalama lina mantiki, maana linakagua kabla ndege haijafika mjini, ardhini, kwa macho na mikono. Gharama yake ni mafuta, muda, na heshima ya abiria ambao karibu wote ni watu wa jamii moja. Liliporudishwa Mei 2019, mvutano wa Kenya na Somalia juu ya mpaka wa bahari ulikuwa umepamba moto, na wengi waliona sharti la usalama limegeuzwa fimbo ya kidiplomasia. Sikatai ukaguzi wa namna hiyo. Nataka sababu yake ijulikane na siku ya kuupitia upya iwekwe.

Ya pili ni kuidungua. Ujerumani walifikia hapo baada ya mtu kuiba ndege ndogo Januari 2003 na kuzunguka juu ya mabenki ya Frankfurt akitishia kujigongesha. Alizungumzishwa mpaka akatua salama. Bunge likatunga sheria iliyoruhusu jeshi kuiangusha ndege iliyotekwa, na tarehe 15 Februari 2006 Mahakama ya Katiba ikaifuta ruhusa hiyo, kwa hoja kwamba dola haliwezi kuwafanya watu wasio na hatia waliomo ndani kuwa vifaa vya kuokolea wengine. Kwetu iko hoja nyingine ya karibu zaidi: ndege iliyodunguliwa juu ya Nairobi inaangukia wapi? Tarehe 7 Agosti 2025 ndege ya wagonjwa iliyotoka Wilson ilianguka Mwihoko, ikaua wanne waliokuwemo na wawili waliokuwa majumbani mwao. Anayependekeza makombora kama jibu la ndege ndogo aende Mwihoko kwanza.

Nani ameshika ufunguo wa ukuta

Kuna tofauti moja kati ya ukuta na kufuli ambayo haionekani kwenye karatasi, ila mimi naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kufuli liko mikononi mwa wengi: mwenye ndege, mkufunzi, mlinzi wa hanga, mwongoza ndege mnarani. Ukuta uko mikononi mwa mmoja. Akisema anga imefungwa, imefungwa.

Tarehe 2 Agosti 2021 Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alizuiwa pale Wilson asisafiri kwenda Uganda. Alikaa uwanjani kwa saa kadhaa, kisha akarudi nyumbani. Uwe uliunga mkono siasa zake au hukuunga, jiulize: kama mtu wa pili kwa cheo nchini alisimamishwa mlangoni pa ndege, mwalimu wa shule ya urubani atajitetea kwa nini? Leo Ruto ndiye Rais, na wanaoweza kusimamishwa ni wengine. Kanuni nzuri ni ile ambayo ungeikubali hata ikiwa mpinzani wako ndiye anayeishika.

Na mimi yalinifika, kwa kiwango changu kidogo. Kwenye kiwanja kimoja nisichokitaja, nilikuwa nimempakia rafiki yangu anayewahi maziko ya baba yake Lamu. Kwa Waislamu maiti haicheleweshwi. Tulikuwa tumeambiwa ni kabla ya alasiri. Mpango wa safari ulikuwa umekubaliwa tangu jana yake. Askari akaja akasimama mbele ya propela.

"Leo hamruki, mkubwa."

"Kuna nini, afande?"

"Amri imetoka juu."

Nikamuuliza juu wapi, na mpaka lini. Hakujua, maskini, naye alikuwa ameamriwa. Hakukuwa na tangazo lolote kwa marubani, wala karatasi ya kunionyesha. Tuliachiwa saa nane. Tulifika Manda jioni, tukavuka kwa boti, na kaburi lilikuwa limekwisha kumwagiwa maji. Rafiki yangu hakunilaumu, alisema tu kwamba angependa kujua ni nini kilichokuwa kikubwa kuliko baba yake siku ile. Sikuwa na jibu, na hadi leo hakuna aliyenipa.

Sipingi kwamba huenda sababu ilikuwepo. Nchi hii imeshambuliwa kweli: Westgate Septemba 2013, DusitD2 Januari 2019, na uwanja wa kijeshi wa Manda Bay, huko huko Lamu, ulishambuliwa tarehe 5 Januari 2020, ndege zikachomwa. Mlinzi ana haki ya kuwa na siri fulani. Lakini kuna siri ya mbinu na kuna kutojali kueleza, na vitu hivyo viwili havifanani. Ibara ya 24 inasema haki ikibanwa, ibanwe kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na baada ya kuangalia kama ipo njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lile lile. Februari 2015 Mahakama Kuu iliutumia mzani huo kufuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014. Kwa hiyo si jambo la vitabuni. Limekwisha kufanya kazi hapa hapa Nairobi.

Ukiniuliza mimi

Kama unaishi chini ya njia ya ndege kama Shangazi, kufuli litakulinda kuliko ukuta, kwa sababu ya zile dakika. Dai kwamba kila ndege ya Wilson inayolala nje ifungwe kwa namna isiyoweza kuwashwa, kwamba mwanafunzi asikabidhiwe ufunguo akiwa peke yake, na kwamba lango la uwanja limtambue kila aingiaye hata akiwa na suti. Hilo la mwisho nalisema kwa kuwa nimeona: walinzi wetu huwapekua mafundi wenye ovaroli na kuwapigia saluti wenye magari meusi.

Dai pia fedha za waongoza ndege na vifaa vyao. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi muda mfupi baada ya kuruka. Mkufunzi na mwanafunzi wake wakafa, na ile kubwa ikarudi Wilson na watu wake 44 wakiwa hai. Hakukuwa na gaidi pale. Ukiweka ajali hiyo na ile ya Mwihoko kando ya orodha ya mashambulizi ya ndege ndogo dhidi ya Nairobi, orodha ambayo haina hata moja, utajua shilingi ya kwanza iende wapi. Na uzuri ni kwamba mwongoza ndege mwenye vifaa vizuri hutumikia yote mawili: humtenganisha mwanafunzi na abiria, na humwona haraka anayeacha njia yake.

Kama una hanga au unaendesha shule, usiupinge uchunguzi wa wanafunzi. Utapoteza hoja na utapoteza majirani. Pambania namna yake: uwe mmoja kwa wote, uwe na siku zake, uwe na rufaa.

Ukuta nao sitautupa wote. Vipande vidogo vya anga iliyopigwa marufuku juu ya majengo machache ni jambo la kawaida duniani. Berlin walifanya hivyo juu ya mtaa wa serikali baada ya chombo chepesi kuanguka mbele ya Bunge lao Julai 2005. Siku za sherehe kubwa au wageni wazito, anga ifungwe kwa saa zinazojulikana, kwa tangazo linalowafikia marubani mapema, ndege za wagonjwa zikiachiwa njia. Ikifungwa kwa dharura, maelezo yatolewe baadaye kwa maandishi, hata yakiwa mistari mitatu. Ninachokataa ni mduara wa kudumu unaochorwa kwa sababu Washington wanao.

Nilimsomea Shangazi haya kabla sijayatoa. Alisikiliza mpaka mwisho akichambua mchicha, akanyamaza, kisha akauliza, "Na wale wanaoruka kutoka viwanja vya vichakani, kule Kajiado na Laikipia, nao wana kufuli?" Ameligusa penyewe. Viwanja vya watu binafsi ni vingi, vingine havina hata mlinzi, na anayetoka huko ndiye hasa yule ambaye ukuta mdogo wa mjini ungesaidia kumwona. Lakini hata huko ndege ina mwenyewe, ina namba ya usajili ubavuni, na kufuli la propela linaifunga Laikipia sawasawa na linavyoifunga Wilson. Rasimu ikija, sharti la kufuli liandikwe kwa ndege, lisiandikwe kwa uwanja, ili liifuate popote inapolala. Nimeongeza sentensi hiyo kwenye maoni yangu, na pembeni yake nimeandika ni nani aliyeniuliza.